Asiyeitikia Asichambue

Kwa miaka mitatu nilijibu maswali ya mtihani kuhusu sengenya bila ya kuwahi kuiona. Nilipohudhuria Kanivali ya Mombasa kwa mara ya kwanza, wachezaji wa Kidigo walipita katika Barabara ya Moi, karibu na zile pembe za ndovu, ngoma zikirindima. Watazamaji waliitikia, wakacheza, wakawatuza. Mimi nilisimama kimya. Hata kiitikio sikukijua. Bibi mmoja akaniuliza, "Mjukuu wangu, kwenu hamna ngoma?" Sikuwa na jibu.

Fasihi simulizi isiyo na hadhira ni maiti iliyovishwa sanda ya karatasi. Idara zetu za Kiswahili ziwapeleke wanafunzi ngomani kabla ya kuwatahini. Asiyeweza kuitikia wimbo atauchambuaje?