Umevua, au Umeshikishwa?

Wadau, ile picha mmeiona, msijifanye. Bi dada wa filamu (jina silitaji, na mnaomjua kaeni nalo) kasimama kwenye boti, miwani ya jua, kamkumbatia kolekole mkubwa kama mtoto wa chekechea. Kapsheni: "Nimemvua mwenyewe. Mtwara kuchele!" Watu wamemwaga mioyo mpaka basi. Sasa rudi uikuze. Pembeni kulia, chini ya tumbo la samaki, kuna vidole vinne. Vya kwake si hivyo, maana vya kwake vina kucha za rangi ya waridi. Ni vya nahodha, ndiye aliyebeba uzito wote wa yule samaki, na yeye kakatwa kwenye fremu.

Hapo ndipo nina neno.

Mimi wa Chikongola, bahari siendi kuitafuta Insta. Nawaambia kolekole wa saizi ile habahatishwi. Yule ni jambazi wa mwambani. Mwaka 2017 BBC kwenye Blue Planet II waliwaonyesha wenzake wa Shelisheli wakiruka juu ya maji kudaka ndege wanaopita. Ndege, jamani! Aliyeandikwa kwenye rekodi ya dunia, alivuliwa Japani mwaka 2006, alikuwa na karibu kilo 73. Samaki wa hivyo hakungoji wewe ushuke na ndege ya asubuhi kutoka Dar na kofia mpya.

Kwanza kuna bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanajaa na kupwa kwa nguvu, yanapita kwenye milango ya miamba kama mto. Kolekole anajibanza pembeni ya mkondo, anasubiri samaki wadogo waletwe mdomoni. Mlango upi, saa ngapi, maji yakiwa yanaingia au yanatoka, hayo hayapo Google. Yapo kichwani kwa mtu aliyeanza kwenda baharini na baba yake akiwa bado anasoma msingi. Anaangalia ndege wanazunguka wapi. Anaangalia rangi ya maji. Anazima mashine mbali ili asimshtue, anakwambia: "Tupa pale, vuta haraka, usisimame."

Akishakamata chambo, anakimbilia kwenye mawe akakate mshipi. Mambo ya sekunde chache tu. Nahodha keshawasha mashine, anaivuta boti kuelekea maji mengi ili samaki akose pa kujificha. Wewe kazi yako ni kushikilia fimbo usidondoke. Ni kazi, sikatai, mikono itauma siku mbili. Ila hilo neno "mwenyewe" linatokea wapi?

Najua kuna mtu anataka kuniambia: "Si alilipwa?" Ndiyo, alilipwa. Mgeni analipia safari kwa dola, nahodha anapewa posho ya siku kwa shilingi, na katikati hapo kuna watu wa kutosha. Na kusi likishika, kuanzia Mei hivi, bahari inachafuka na simu inanyamaza. Kitu pekee ambacho posho haiwezi kumpa ni jina. Staa mwenye wafuasi wengi vile akiandika jina la nahodha, mgeni anayefuata anampigia yeye. Akimkata, mgeni anaipigia kampuni iliyotagiwa, iko Masaki, na wenyewe ndiyo watamtafuta nahodha kwa bei wanayotaka. Kwa hiyo kumkata mtu kwenye picha siyo adabu tu inayopungua. Ni hela.

Mnadhani natia chumvi? Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alikuwa na nahodha wake Kuba, Gregorio Fuentes. Jina la mzee huyo lilijulikana. Hemingway alikufa 1961, lakini watalii waliendelea kumfuata Fuentes kijijini kwake Cojímar, wanamlipa awasimulie habari za uvuvi, mpaka anafariki 2002 akiwa na miaka 104. Hemingway huyohuyo alivua pwani ya Kenya mwaka 1954, upande wa Shimoni. Leo Watamu kuna hoteli inaitwa kwa jina lake. Haya, nitajieni mabaharia wa Shimoni waliokuwa naye botini. Nawasubiri.

Na kuna lingine, hili linatuhusu sisi wa kusini zaidi. Miamba yetu imepigwa sana mabomu. Baruti moja inaua mpaka mayai, na pale mwambani panabaki vifusi. Tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000, kilomita za mraba 650, na askari hawawezi kulala kwenye kila jiwe. Kijana ambaye jina lake linaleta wageni Msimbati ana sababu ya kuulinda ule mwamba kuliko bango lolote. Ambaye jina lake halijulikani, sababu hiyo anaitoa wapi?

Kumrudisha samaki majini nako tuongee. Shelisheli wageni wanalipa maelfu ya dola, wanamshika kolekole, picha, anarudi. Huku kwetu ukimrudisha samaki wa kilo 20 mbele ya mtu ambaye nyumbani hajaacha kitoweo, anakuona umerogwa, na namuelewa. Lakini kolekole mkubwa ndiye mzazi, na akiwa hai mwambani anamwingizia nahodha hela mara nyingi kuliko akiuzwa mara moja. Msimamo wangu: kolekole mkubwa arudi, tena haraka, siyo dakika kumi juani unatafuta upande wako mzuri wa sura. Nguru mleni. Nguru hana mjadala.

Kuna mchekeshaji mmoja, naye simtaji, aliyekuja kaskazi iliyopita akamweka nahodha mbele ya kamera na yeye akasimama nyuma anatapika kichefuchefu cha bahari. Jina na namba vikaandikwa chini. Video ilichekesha, na nahodha akapata wateja. Hakupungukiwa na kitu, labda chai ya asubuhi.

Kaskazi hii mkija, kabla hamjapanda boti muulizeni nahodha jina lake kamili na mliandike kwenye simu. Ulizeni leseni ya uvuvi wa kujifurahisha, ulizeni na ada ya hifadhi kama mnaingia huko, msije mkamponza mtu wa watu. Na mkipata nguru, kichwa mwachieni nahodha. Ile supu nyie hamuiwezi, mtaiposti mpaka ipoe.