KODI YA NYUMBA NA HESHIMA YA WAZEE

Wako wazee katika Nguvumali, jijini Tanga, waliomaliza nguvu zao bandarini, katika reli na katika mashamba ya katani, na ambao leo makazi yao ni chumba kimoja cha kupanga. Mzee wa namna hiyo anapoambiwa kwamba mwezi ujao kodi inapanda, na kwamba atoe ya miezi sita kwa mkupuo, hiyo kwake si kodi tena. Ni amri ya kuhama.

Hali haikuwa hivi daima. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 iliweka kiwango cha kodi, na mpangaji hakutolewa ila kwa amri ya baraza au mahakama. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano ya watu wawili, mmoja ameshika ufunguo, mwingine ameshika mkongojo. Na jiji linapopata kazi kubwa, kama bomba la mafuta linaloishia Chongoleani, wenye fedha huja kutafuta vyumba hivyo hivyo.

Tuseme kweli: sheria ile ilikuwa na kasoro. Kodi ilipodumaa, nyumba zilichakaa bila kutengenezwa, na kilemba kilitolewa kwa siri. Tena si kila mwenye nyumba ni bwanyenye; wengine ni wajane wanaokula kwa kodi hiyo hiyo. Kwa hiyo hatudai sheria ile ifufuliwe kama ilivyokuwa.

Tunadai kinga kwa mpangaji aliyetimiza miaka 60, umri wa uzee kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Alipe mwezi kwa mwezi. Apewe taarifa ya maandishi mapema. Na nyongeza isivuke kiwango kitakachowekwa, ila kwa idhini ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wametangulia kwa jambo moja. Tangu mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi pensheni, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi, na tangu mwaka 2023 shilingi 50,000. Lakini pasipo na mpaka wa kodi, fedha hiyo itapita tu mkononi mwa mzee mpangaji na kuishia kwa mwenye nyumba.

Mabalozi wa nyumba kumi wanawajua wazee hawa kwa majina. Hapana budi waorodheshwe sasa, ili hoja itakapofika Bungeni asitokee mtu wa kusema kwamba hawapo.