Kamusi ya Barua-pepe ni Kazi ya Nani?

Katika mkutano wetu uliopita mwenzetu mmoja alisimama akasema kuwa kutunga programu-jalizi ni kazi ya mafundi wa kompyuta, na kwamba mwalimu wa lugha ajiingizaye humo anatafuta umaarufu. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na sababu ninayo.

Tuitazame Thunderbird, programu ya kusomea na kuandikia barua-pepe kwenye kompyuta ya mezani, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004. Programu-jalizi hupachikwa ndani yake ili kuiongezea uwezo. Ni kweli, ziko zitakazo ufundi mkubwa, na hata mafundi wenyewe zimewatesa: toleo la 78 la mwaka 2020 lilizikataa zile zilizotungwa kwa utaratibu wa kale, ikawabidi waanze upya au waache. Hayo na tuwaachie wao. Lakini programu-jalizi ya kusahihisha tahajia ni jambo jingine kabisa. Kiini chake ni mafaili mawili ya maandishi matupu: moja lina orodha ya maneno, la pili lina kanuni za viambishi. Je, tangu lini viambishi vikawa somo la fundi?

Chombo kizisomacho kanuni hizo huitwa Hunspell. Kilitengenezwa kwa ajili ya Kihangari, lugha ambayo viambishi vyake vingi hukaa mwishoni mwa neno. Vyetu hujazana mwanzoni. Neno hatukuwaandikia lina vinne kabla ya mzizi: ha-, tu-, ku-, wa-. Hunspell kwa kawaida hukubali kimoja tu, na kwa amri maalumu viwili. Basi hapana budi mtu aketi aunganishe mnyororo mzima, hatukuwa- ihesabiwe kuwa kiambishi kimoja, kisha aamue upi upite na upi uzuiwe. Hatukumwandikia ni sawa, hatulimwandikia si sawa. Hatuandiki huishia kwa i, hatutaandika kwa a. Asiyejua sarufi atabandika orodha tupu ya maneno, na vitenzi sahihi vitapigwa mstari mwekundu. Mwanafunzi wangu mmoja aliuona mstari huo, akafuta sentensi nzima isiyo na kosa, akaiandika upya kwa Kiingereza. Huyo si ndiye tumteteaye mikutanoni?

Wako pia wasemao kuwa siku hizi barua huandikwa kwa simu. Haya, lakini mafaili yale yale huweza kutumika katika Firefox na LibreOffice.

Mimi na fundi kijana tumekwisha kuanza. Tumekwama kwenye vitenzi vya silabi moja: anakula huibakiza ku-, hali na alaye huitupa. Mwenzetu aliyepigiwa makofi ni bingwa wa vitenzi hivyo kuliko sisi sote. Namngojea Jumamosi, aje na daftari lake.