Jembe la Apolo

Ndugu msomaji, sijui kama liko neno linalotumika ovyo katika nyumba zetu kuliko neno "vumilia". Mke wa askari akisema kwamba fedha za chakula hazijafika, huambiwa avumilie. Mtoto aliyerudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya karo huambiwa avumilie. Nasi tulio watumishi wa serikali tunalipenda mno neno hilo, kwa maana humwondoa mwananchi mbele ya meza upesi, pasipo sisi kulifungua faili lake. Kisha, ili neno lipate uzito, huongezwa kwamba hata dini ya Kikristo yaagiza hivyo.

La hasha, haikuagiza hivyo. Asomaye Biblia ya Kiswahili atakuta maneno mawili yanayokaribiana, yaani saburi na uvumilivu, na nyuma yake yako maneno mawili ya Kiyunani waliyoyatumia Mtume Paulo na wenzake. La kwanza ni hupomone, lililoundwa kwa "chini" na "kukaa". Maana yake ni kubaki chini ya mzigo bila ya kuutupa. La pili ni makrothumia, ambalo ni sifa ya mtu ambaye hasira yake ina safari ndefu kabla ya kufika. Hakuna hata moja kati ya hayo lenye maana ya kukunja mikono. Yakobo naye, katika sura ya 5 ya waraka wake, alipotaka mfano wa saburi hakumtaja mtu aliyelala. Alimtaja mkulima angojaye mvua ya kwanza na ya mwisho. Na sote twajua kwamba asiyelima hana mvua anayoingoja.

Wako wengi wanaoweza kutolewa mfano, lakini kwa wasomaji wa ukurasa huu namchagua mtu aliyeshika silaha kabla hajaishika Injili: Apolo Kivebulaya wa Buganda. Katika vita vya dini vilivyoitikisa nchi hiyo tangu mwaka 1888 alikuwamo, na mwaka 1891 alikwenda magharibi pamoja na msafara wa Kapteni Lugard. Jina Kivebulaya maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya; alipewa kwa sababu ya koti jekundu alilokuwa akilivaa. Alibatizwa Januari 1895, na mwaka huohuo akaenda Toro kufundisha dini. Mwaka 1896 akavuka Mto Semliki, ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, akafika Mboga, mahali ambapo leo ni katika Ituri, nchi ya Kongo.

Mboga ilikuwa imekwisha kuwashinda walimu wawili waliotangulia. Mtemi wao, Tabaro, hakuhitaji mikuki ili kuwafukuza. Aliwakataza watu wake kuwapa chakula tu, nao wakashindwa kukaa. Njaa ni silaha isiyotoa mlio. Apolo alilijua jambo hilo kabla hajaondoka, na masimulizi ya maisha yake yanasema kwamba posho yake ndogo aliitumia kununua jembe.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa kuwa naona kwamba fundisho zima limo katika jembe hilo. Mtu mwingine angaliomba kwa Mungu moyo wa Tabaro ulainike, kisha akae chini kungoja. Apolo aliomba, tena aliomba sana, lakini alilima. Alikuwa askari, alijua kwamba kikosi hushindwa tumboni kabla ya kushindwa vitani. Alipanda migomba na viazi. Basi mgomba haufanyi haraka kwa ajili ya mtu yeyote: tangu chipukizi kutiwa ardhini hadi mkungu kuiva hupita mwaka mmoja, au zaidi. Mtu apandaye mgomba katika nchi ya mtemi asiyemtaka amekwisha kumjibu bila ya kutukana: mwakani nitakuwapo.

Naye Tabaro alilielewa jibu hilo. Apolo alipigwa hata akadhaniwa amekufa, na mwanamke mmoja akamsitiri na kumuuguza. Tena wakati wa ujenzi wa kanisa dada yake mtemi aliangukia mkuki uliokuwa umefichika katika majani, akafa. Apolo akashitakiwa kuwa ndiye muuaji, akafungwa minyororo na kupelekwa Fort Portal, ambako afisa wa Kiingereza alimtia gerezani. Hayo yalikuwa mwaka 1898. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba katika dhiki zake alimwona Kristo akimtia moyo. Alipofunguliwa alikuwa na kila sababu ya kubaki Toro, palipokuwa na mfalme Mkristo na chakula cha kutosha. Alirudi Mboga. Baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa, akaitwa Paulo.

Yamkini msomaji mmoja atasema: Tazama, mtu aliyepigwa akarudi kwa mpigaji, basi na mke apigwaye avumilie vivyo hivyo. Huko ni kuupotosha mfano. Apolo alirudi kwa hiari, kwa kazi aliyoichagua, wala hapakuwa na mtu aliyemfungia mlango. Zaidi ya hayo, yeye ndiye aliyekuwa akipigwa. Tabaro hakuwa na haki ya kumhubiria saburi. Huu ndio mpaka ninaotaka ushikwe. Saburi ni fadhila ya yule aliye chini ya mzigo. Aliyeuweka mzigo, au aliye na uwezo wa kuuondoa, hana ruhusa ya kumwomba mwenzake saburi hata kidogo. Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji, kama Luka asimuliavyo katika sura ya 3, na kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia wawahubirie wananchi uvumilivu. Aliwakataza kuwadhulumu watu na kuwasingizia, akawataka watosheke na mshahara wao.

Wala saburi haikatazi kudai haki. Bwana Yesu alitoa mfano wa mjane aliyemwendea kadhi dhalimu mara kwa mara mpaka kadhi akachoka akampa haki yake. Mama aliyeachwa kambini, ambaye fedha za mumewe zimekwama, akienda kwa afisa anayehusika kwa adabu, na Jumatatu nyingine akarudi, na nyingine tena, huku nyuma ya nyumba ana matuta yake ya sukuma na maharagwe, huyo ana saburi ya Injili kuliko yule aliyejifungia ndani akilia.

Upande wa askari, nadhani neno linalotufaa zaidi ni lile la pili, la hasira yenye safari ndefu. Tumekwisha kusikia mara nyingi habari ya mtu aliyerudi kutoka kazini ghafla, akapokewa na uvumi juu ya mkewe, naye akashika bunduki kabla hajauliza hata swali moja. Mtu wa namna hiyo aweza kuwa alikaa handakini miezi mingi, akavumilia mvua, mbu na njaa bila ya kunung'unika, lakini mlangoni pake hakuweza kuvumilia saa moja. Mafunzo ya kijeshi humwezesha mtu kukaa chini ya mzigo. Kuirefusha hasira nyumbani ni kazi nyingine, na kila mtu hujifunza mwenyewe: kuiacha silaha mahali pake, kuketi, kumsikia mke mpaka amalize, kulala, kisha kusema.

Apolo hakuwa na mke. Mchumba wake alifariki kabla ya ndoa, wala hakuoa tena. Alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903, akatumika Toro miaka mingi. Na mpaka ulipokatwa, Mboga ikawa upande wa Wabelgiji. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alirudi huko, na tangu mwaka 1921 akaanza kuingia katika msitu wa Ituri kwa Wambuti, wakati ambapo watu wa umri wake wanatafuta kiti cha kupumzikia.

Alifariki tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa kazi ya huko ilikuwa haijaisha. Dayosisi ya kwanza ya Kianglikana katika nchi hiyo iliundwa Boga mwaka 1972, miaka 39 baada ya mazishi hayo, na mwaka 1992 kanisa hilo likawa jimbo lenye kujitegemea. Tangu Novemba 2021 wanajeshi wa Uganda wamekuwa wakishirikiana na jeshi la Kongo katika Ituri na Kivu Kaskazini. Huenda miongoni mwa wasomaji wetu wamo waliokwisha kupita karibu na kaburi hilo pasipo kujua kwamba aliyelala pale naye alikuwa askari, na kwamba alifika na jembe.