Mtoto anapakatwa siti ya mbele, mkanda umefukiwa chini ya kava

Jumapili asubuhi jijini Dar es Salaam. Baba yuko kwenye usukani, kafunga mkanda. Mama yuko siti ya mbele, naye kafunga. Mtoto wa mwaka mmoja kapakatwa, na wawili wakubwa wamesimama nyuma wakichungulia barabara. Wakifika kwa trafiki, wanaruhusiwa kupita.

Si kwamba trafiki hajaona. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilijikita kwenye mkanda wa dereva na abiria wa mbele. Kwa miaka mingi wadau wamekuwa wakitaka irekebishwe ili imtaje na mtoto.

Mjadala wa usalama wa watoto huwaka basi la shule linapopata ajali. Ajali ya Karatu ya Mei 6, 2017 iliua watu 35, kati yao wanafunzi 32, na nchi nzima ikazizima. Lakini gari la nyumbani, linalombeba mtoto karibu kila siku, nani analikagua?

Mikono haiwezi

Wazazi wengi huamini kumpakata mtoto ni kumlinda. Hesabu inakataa. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ghafla, kishindo chake ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani kama ghorofa ya tatu. Hakuna mzazi anayeweza kumshika mtoto asimponyoke kwa kishindo hicho.

Kuwafunga mama na mtoto mkanda mmoja nako ni hatari, maana mwili wa mama humkandamiza mtoto kwenye mkanda. Na mfuko wa hewa wa mbele, uliowekwa kumwokoa mtu mzima, unaweza kumuua mtoto mchanga.

Mkanda upo, umefichwa

Magari mengi ya familia nchini huagizwa Japani yakiwa yametumika, na kwa kawaida huja na mikanda ya nyuma. Likishafika, gari hupelekwa kwa fundi kuvalishwa kava za siti. Mara nyingi vifungio vya mkanda huishia chini ya kava hizo, na miaka inapita hakuna anayevitafuta.

Kwa hiyo kisingizio cha gharama kina ukweli nusu. Kiti maalumu cha mtoto ni ghali kwa familia nyingi, na serikali ingeweza kusaidia kwa kukipunguzia kodi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto akitumie walau hadi afikishe miaka 10 au urefu wa sentimita 135, kwa kuwa mkanda wa mtu mzima humpita shingoni na tumboni. Viti hivyo hupunguza vifo vya watoto ajalini kwa zaidi ya nusu.

Ila kumtoa mtoto siti ya mbele ni bure. Kumwambia fundi atoboe kava mkanda utokeze ni kazi ya dakika chache. Na kwa mtoto mkubwa ambaye hana kiti chake, mkanda wa nyuma ni afadhali mara nyingi kuliko kusimama.

Sheria ikibadilika, trafiki atapata cha kuuliza. Kabla ya hapo, wa kuuliza ni aliyeshika usukani, na swali linaulizwa kabla ya kuwasha gari: huko nyuma, wote wamefunga?