Ukurasa wa Ngapi?

Mpenzi msomaji, mwezi uliopita niliahidi kwamba safari hii tungezungumzia michango ya harusi. Naomba mniwie radhi, mada hiyo itasubiri kidogo. Kuna jambo limetokea nyumbani kwangu na nimeona nisipoliandika sasa nitakuwa nawaandikia mambo ya watu wengine huku langu nimelificha chini ya zulia.

Tunaishi na wifi yangu, mdogo wake mume wangu wa mwisho kuzaliwa. Mtoto mzuri, mtulivu, anayejua kupika kunizidi (msimwambie). Alisoma shule ya msingi kijijini kwa Kiswahili kama wengi wetu, akaingia sekondari ya kata ambako Kiingereza kilianza ghafla kama mvua ya Aprili, na bado akafaulu vizuri kidato cha nne. Akapangiwa shule ya bweni, kidato cha tano, tahasusi ya HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Nilifurahi kupita kiasi kwa sababu hiyo ndiyo kombi niliyosoma mimi. Nikamnunulia tranka, ndoo na shuka, nikampa na kamusi yangu ya zamani iliyokwisha kuchanika jalada.

Desemba akarudi likizo na karatasi ya Kiingereza yenye alama 31 kati ya 100.

Hapo sikusema kitu. Shida ilikuja Jumamosi moja jioni, tulipokuwa na wageni, wafanyakazi wenzangu wawili na waume zao. Mnazijua jioni hizo. Pilau, soda, kachumbari, halafu Kiingereza kinaanza chenyewe bila mtu kukialika. Mgeni mmoja akamgeukia wifi na kumuuliza kwa Kiingereza anasoma nini. Binti akajibu. Akachanganya wakati uliopita na uliopo, na neno moja akalitamka vile linavyoandikwa. Na mimi, mhariri mzima, mwenye digrii ya mawasiliano ukutani, nikacheka. Sikucheka sana, lakini nilicheka, kisha nikamsahihisha mbele ya watu nikidhani namsaidia.

Tangu usiku ule akawa mtu wa "ndiyo" na "hapana". Siku ya tatu akamwambia kaka yake kwamba anataka kuhama kombi, aende HGK, asome Kiswahili badala ya Kiingereza.

Mume wangu hakuona tatizo. "Kama anaona hawezi, ahame. Kiswahili si lugha yetu?"

Nikawaka! Nikamwambia Kiswahili cha kidato cha tano si kichaka cha kukimbilia mtu aliyeogopa Kiingereza. Kuna isimu, kuna fasihi, kuna ushairi wa kuumiza kichwa. Mtu akihamia Kiswahili, ahamie kwa kukipenda. Nikaendelea hivyo kwa dakika kumi nzima. Aliponiona nimemaliza, akasema taratibu, "Mama watoto, huyu hajakimbia Kiingereza. Amekukimbia wewe. Ulimcheka."

Jamani, kuna maneno ukiambiwa unatafuta glasi ya maji hata kama huna kiu.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilikuwa namkumbuka mwalimu wangu wa Kiingereza wa kidato cha tano, ambaye wote tulimwita Madam. Naomba niwaeleze siku yake ya kwanza darasani, maana ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Tulikuwa wasichana zaidi ya arobaini. Kila mmoja alikuja na matarajio yake. Wengi tulidhani Kiingereza cha A-Level maana yake ni kufundishwa kuongea kama watangazaji wa redio za nje, kwa pua na mbwembwe. Madam akaingia, akaandika ubaoni kichwa cha habari: "Ninachotarajia kutoka kwenu." Chini yake akaorodhesha mambo manne tu, na wala hapakuwa na neno kuhusu lafudhi.

La kwanza, kusoma kitabu chenyewe. Mnakumbuka vile vijitabu vya muhtasari, pamfleti, vyenye wahusika, dhamira na majibu yaliyokwishatafunwa? Madam hakuvipiga marufuku. Alisema tu kwamba mwenye pamfleti atajua kitabu kinahusu nini na mwenye kitabu atajua kinasema nini. Nakala zenyewe zilikuwa sita. Tukagawana kwa zamu. Wengine walisoma wakati wa prepo, wengine alfajiri, na kulikuwa na kundi lililosoma kwa sauti bwenini, mmoja anasoma na watano wanasikiliza huku wakisukana.

La pili, tusimsimulie hadithi. "Hadithi naijua," alikuwa akisema. Swali likisema jadili, jadili. Likisema thibitisha, leta ushahidi. Ukisimama na kutoa hoja yoyote, hata iwe nzuri namna gani, alikuuliza neno moja, "Ukurasa wa ngapi?" Kama huna ukurasa, kaa chini ukautafute. Si adhabu, unakaa, unatafuta, ukiupata unasimama tena.

La tatu, kuandika upya. Insha ilirudi imejaa wino mwekundu na kazi yako ilikuwa haijaisha, ndiyo kwanza imeanza. Unarekebisha, unarudisha. Alama aliyoiandika kwenye daftari lake ilikuwa ile ya insha ya pili.

La nne ndilo lililonikosesha usingizi. Kukosea kunaruhusiwa, kumcheka anayekosea hakuruhusiwi. Ukicheka, wewe ndiye unayejibu swali linalofuata, kwa Kiingereza, umesimama. Wiki ya pili tu darasa zima lilikuwa limepoa. Wasichana waliotoka shule za vijijini, ambao mwanzoni walijificha nyuma, ndio wakawa wanabishana na Madam hadi kengele inalia.

Halafu akageuka ubaoni akaandika kichwa cha pili: "Mnachotarajia kutoka kwangu." Akaahidi kurudisha insha ndani ya wiki moja, na kwamba mtu akishindwa kuelewa atamwelekeza upya bila kumsema. Miaka miwili ile, wiki aliyochelewesha insha zetu alituomba radhi. Mwalimu mzima! Sisi tulikuwa hatujawahi kuona.

Kwenye mtihani wa mwisho wakati wetu kulikuwa na karatasi mbili, ya lugha na ya fasihi, na alama zilianzia A hadi E, kisha S na F. Hapo ndipo utakapoona mantiki yake. Hakuna swali hata moja linalopima unavyobana pua. Yanapima kama umesoma, kama umefikiri na kama unaweza kuonyesha ulichokiona mpaka asiyekuamini akubali.

Nitawapa mfano mmoja. Tulisoma riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana, The Beautyful Ones Are Not Yet Born, iliyotoka mwaka 1968. Mhusika mkuu hapewi hata jina, ni mwanamume tu, karani wa reli. Anakataa rushwa ya mfanyabiashara wa magogo, na akifika nyumbani mkewe Oyo hampongezi. Anamwona hana maana, kwa sababu rafiki yao Koomson ni mkubwa serikalini, ana gari na nyumba nzuri, wao hawana kitu. Darasa likagawanyika kama vyama vya siasa. Nusu tulisema Oyo ni mke mbaya, tamaa imemjaa. Nusu wakasema mwanamume ndiye mjinga, watoto hawali uadilifu.

Madam akatusikiliza wote, kisha akauliza swali lake. Tukataja kurasa. Zote zilikuwa za nusu ya kwanza ya kitabu. Kumbe wengi tulikuwa hatujamaliza! Mwishoni, baada ya mapinduzi yaliyomwondoa Nkrumah mwaka 1966, Koomson anakuja kujificha kwao akinuka hofu, na anatoroka kupitia tundu la choo. Oyo anaona yote kwa macho yake. Na anamwambia mumewe kwamba anafurahi hakuwa kama yule. Mke yuleyule tuliyekwisha kumhukumu kifungo cha maisha.

Sasa turudi sebuleni kwangu. Mimi nilimhukumu wifi kwa sentensi moja. Sikuwa nimesoma hata ukurasa wake wa pili.

Asubuhi nikamfuata jikoni. Nikamwomba radhi, waziwazi, bila ile "samahani kama ulijisikia vibaya" ambayo si samahani. Akaniambia, "Yameisha, wifi," akiendelea kukuna nazi. Ila niliona bega limeshuka kidogo. Nikamuuliza kama naweza kuiona ile karatasi ya 31.

Swali lilikuwa kuhusu tamthiliya ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, I Will Marry When I Want, ambayo kwanza iliandikwa na kuchezwa kwa Kikikuyu huko Kenya mwaka 1977. Kwa ambao hamjaisoma, Kiguunda ni kibarua maskini mwenye kipande kidogo cha ardhi, ekari moja na nusu, na hati yake ameitundika ukutani. Tajiri wake anamshawishi yeye na mkewe wafunge ndoa ya kanisani ya heshima. Pesa hawana, wanakopa benki, wanaweka hati rehani. Mwisho wa yote, ardhi imekwenda. (Mnaona? Michango ya harusi imejileta yenyewe.)

Wifi alikuwa amejaza kurasa nne akisimulia yote hayo, mwanzo hadi mwisho, kwa Kiingereza cha kuungaunga. Nikamwambia aweke kalamu chini, anijibu kwa Kiswahili. Kwa nini hati ile iko ukutani? Akafikiri. Akasema, "Kwa sababu hana picha nyingine ya kujivunia. Halafu, wifi, ameitoa karatasi moja ukutani ili apate karatasi nyingine, cheti cha ndoa. Na alikuwa ameshaoa tayari."

Nilibaki mdomo wazi. Nimesoma kitabu kile mara ngapi sijui, na sikuwahi kuliona hivyo. Nikamuuliza hilo liko wapi kwenye insha yake. Akasema hakuliandika kwa sababu hakujua kulisema kwa Kiingereza, na aliogopa.

Mnaelewa, wapendwa? Ile 31 haikuwa alama ya akili yake. Ilikuwa alama ya woga, na mimi nilikuwa nimeuongezea woga huo kicheko juu. Tulikaa wiki mbili mezani. Yeye anafikiri kwa Kiswahili, tunatafuta maneno pamoja, anaandika, napiga mstari, anaandika upya. Sentensi fupi fupi. Sikumpa hoja hata moja, zote ni zake. Mume wangu naye akaingia darasani bila kuandikishwa, akawa anapita na chai huku akiuliza, "Ukurasa wa ngapi?"

Na hapo ndipo mchezo ulipotugeukia sisi wawili. Wiki ileile nilimlalamikia kama kawaida yangu, "Wewe hunisaidii chochote humu ndani." Akanitazama. "Ukurasa wa ngapi?" Nikafungua mdomo nikatafuta... nikapata kurasa mbili tu, vyombo na kumwamkia mama yangu kwenye simu. Basi tukazungumzia hizo mbili, na kwa mara ya kwanza ugomvi wetu uliisha kabla ya taarifa ya habari. Yeye siku ya pili akaanza, "Siku zote unachelewa..." akajikamata mwenyewe, akacheka.

Nimekuwa nikijiuliza ni wangapi kati yetu tuliooana au tunaotaka kuoana tuliwahi kukaa tukaandikiana orodha mbili kama zile za Madam. Tunatarajia mengi, lakini tunayaweka moyoni. Mwenzako anafanya mtihani ambao hajapewa silabasi, akifeli unamnunia, na mbaya zaidi unamcheka mbele ya marafiki. Madam alitudai mengi kuliko mwalimu yeyote, na hatukumchukia, kwa sababu alitutajia mapema, akatupa nafasi ya kuandika upya, na yeye mwenyewe alikuwa na orodha yake.

Vipi kuhusu kombi? Tulikubaliana uamuzi ni wake, si wangu wala wa kaka yake. Alirudi shule Januari akiwa bado HGL, akasema atajipima kwanza. Jumapili iliyopita alipiga kwa simu ya matroni. "Wifi, nimepata 46." Nikapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Akanikatiza, "Subiri basi. Mwalimu amesema ile hoja ya hati ni nzuri, lakini niiandike upya." Nikamuuliza sasa utafanyaje. "Nimeshaanza," akasema, akakata, maana foleni ya simu ilikuwa ndefu.

Kwa hiyo kazi ya mwezi huu, kwako wewe na mwenzako, ni karatasi moja yenye vichwa viwili: ninachotarajia kutoka kwako, na unachoweza kutarajia kutoka kwangu. Anzeni na cha pili, ndicho kigumu. Mkifika kwenye lawama, mjue cha kuuliza.

Michango ya harusi ni mwezi ujao, naapa. Tukutane hapahapa.