Mfarishi wa Kwanza

Binti mmoja wa chuoni kwetu Nyakato alitaka kuutupa mfarishi wake wa kwanza kwa kuwa mishono ilipinda. Tulimkataza.

Anayejifunza na aanze na mdogo, wa kumfunika mtoto. Avifue kwanza vipande vya kanga, visije vikachuja rangi wala kurudi baadaye. Avikate kwa kipimo kimoja cha karatasi ngumu, aviunge. Kati ya nguo mbili atandaze pamba, zao la Usukuma. Kisha ashone kutoka katikati kwenda pembeni, nguo isijikunje.

Wavulana nao wasione haya, kwani Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akishona nguo yake kwa mkono wake.

Leo mfarishi ule uliopinda humfunika mdogo wake binti yule usiku wa mvua. Basi tusitupe, tushone.